Nilijifanya fundi, Kintinku ikaniumbua

Kuna watu wakishamwona fundi akifungua plagi mara mbili tu, na wao tayari mafundi. Mmoja wao ni mimi.

Ilikuwa Agosti 1996. Shangazi alifariki Singida, mazishi kesho yake saa nne asubuhi, na mwenye gari kwenye ukoo nilikuwa mimi peke yangu. Corolla KE70, injini 4K, ile ya distributa na pointi. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimelifanyia sevisi mwenyewe, uani kwetu Dodoma. Kisa? Kubana hela ya fundi! Plagi mpya nne, pointi nikazipiga msasa, nikapima uwazi kwa vile vibamba vyembamba: pointi milimita 0.45, plagi 0.8. Likanguruma kama jipya. Mtaa mzima ulinisikia nikijisifu.

Basi tukaondoka mchana, Baba mbele, mama wadogo wawili nyuma na vikapu vyao. Enzi hizo barabara ya Dodoma kwenda Manyoni ilikuwa bado ya vumbi. Mpaka Bahi, raha mustarehe. Baada ya hapo, kila penye mchanga mzito gari likawa linamisi: pu, pu-pu, linavuta, linaachia. Penye tambarare ngumu linatulia, kama vile linanicheka.

Jioni tulipoingia Kintinku Baba akasema, "Simama. Hivi hupandi Saranda."

Kweli. Ukitoka Kintinku kwenda Manyoni lazima uupande ule ukuta wa Bonde la Ufa, na sisi tulikuwa tumejaa.

"Ni mafuta, Baba," nikawahi. "Wametuuzia yenye maji."

Baba aliendesha malori miaka mingi. Akaniangalia, hakujibu. Nikafungua kabureta: petroli safi, tone la maji hakuna. Nikapima pointi upya: sawasawa. Vijana wakajaa, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja akataka tugeuze distributa, turudishe taimingi nyuma. Mama mdogo akatandika kanga chini, akaanza kulia taratibu. Hakuwa analilia gari.

Baba akaniambia niwashe, nivute waya za plagi moja moja kwa kitambaa kikavu. Kila nikivuta mmoja, injini inatetemeka. Maana yake zote nne zinafanya kazi.

"Haimisi ikipumzika," akasema. "Inamisi ikibebeshwa. Tungoje giza."

Giza la nini tena? Akanieleza: injini ikibeba mzigo, hewa na mafuta vinabanwa zaidi ndani, na cheche inahitaji nguvu kubwa kuruka ule uwazi wa plagi. Ikipata njia nyepesi pengine, inapita huko. Mchana huioni.

Kwenye saa moja na nusu usiku, boneti wazi, nakanyaga mafuta kwa ghafla, Baba kainama.

"Tena." Nikakanyaga. "Njoo uone."

Mwenzangu akashika nafasi yangu kwenye pedeli, mimi nikachungulia. Plagi ya tatu: juu ya kauri yake nyeupe kicheche cha bluu kilikuwa kinatambaa kwa nje kuelekea kwenye chuma. Tukazima, tukaifungua. Ufa mwembamba kama unywele.

Jamani, moyo ulinidunda. Plagi ile naijua! Ndiyo iliyoniponyoka Jumamosi ikapiga sementi. Niliiokota, nikaipuliza vumbi, nikausawazisha uwazi, nikaifunga. Kununua nyingine ilikuwa ni kurudi tena mjini na hela imekwisha. Nikanyamaza siku ile, nikanyamaza njia nzima, halafu nikamsingizia muuza mafuta wa watu.

Zile plagi za zamani zilikuwa ndani ya soksi, chini ya kiti. Baba ndiye aliyenikataza kuzitupa. Nikachagua moja, nikakwangua masizi, nikaifunga. Tukakanyaga mafuta tena gizani: hakuna kicheche.

"Ilidondoka?" Baba akaniuliza chinichini, akina mama wasisikie.

"Ndiyo, Baba."

"Niliisikia. Nilikuwa chumbani. Nikajua utanunua nyingine."

Saranda tuliipanda kwa gia ya pili, gari zima kimya. Saa nne asubuhi tulikuwa makaburini.