Kipokezi Kipya na Somo la Kusikiliza

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na utumishi wa umma. Leo naomba wanivumilie nizungumzie redio. Huko mbele tutarudi kwenye mambo yetu.

Kwa miaka kadhaa burudani yangu ya usiku imekuwa redio ya ridhaa, na kipokezi changu kilikuwa kifaa kidogo mfano wa flashi, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, lakini mwaka 2012 habari zilienea kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kuikabidhi kompyuta mawimbi ghafi, kisha programu ikafanya kazi iliyokuwa ya saketi na koili. Kwa fedha kidogo nikawa na redio nzima.

Udhaifu wake ulijitokeza kila jioni. Katika eneo letu la dunia, ukanda wa mita 40 wa redio ya ridhaa unaanzia kilohezi 7,000 na kuishia 7,200. Mpaka huo ukivukwa tu, wanaanza watangazaji wa kimataifa wa masafa mafupi, ambao mitambo yao huweza kufikia mamia ya kilowati, ilhali wengi wetu hutumia wati mia moja au pungufu. Kifaa changu kilipima wimbi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu. Sauti kubwa ikizijaza ngazi hizo, sauti ndogo haina pa kusimama. Kwa muda mrefu nilidhani dawa ni kuongeza ukuzaji wa mawimbi. Kila nilipoongeza, jirani mwenye nguvu alizidi kutapakaa, na yule niliyemtafuta akatoweka kabisa.

Nilipoamua kununua kipokezi kingine, nilikuta njia mbili. Ya kwanza ni superheterodaini, iliyobuniwa na Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918. Hulishusha wimbi hadi masafa maalumu ya ndani, hulipitisha katika kichujio chembamba, ndipo hulipima. Jirani mkubwa huachwa mlangoni. Ya pili hupima wimbi moja kwa moja kutoka kwenye antena. Vipokezi vizuri vya aina hii hupima mara milioni 122.88 kwa sekunde, kwa biti 16, yaani ngazi 65,536. Ukanda wote huonekana kwa wakati mmoja. Hatari yake ni kwamba wote huingia, na jumla yao ikizidi uwezo wa kipimo, sauti zote huharibika, si ile kubwa peke yake. Kwa hiyo nacho huhitaji vichujio na kipunguza nguvu mbele yake.

Mwenzangu mmoja aliniazima vyote viwili. Jioni moja nilitafuta mlio hafifu wa Morse. Superheterodaini ilinipa mlio safi, pengine safi kuliko mshindani wake. Lakini kwenye kioo cha kile cha pili niliona, kando ya mlio huo, mstari mwingine mwembamba ambao sikuwa nimeuulizia. Nilipouelekea, nilimkuta mtu anaita, na hakuna aliyekuwa akimjibu. Nikanunua hicho cha pili, ingawa ndicho kilichokuwa ghali zaidi.

Tangu usiku ule namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Muhula mzima nilihimiza darasa liseme kwa sauti, na waliosema ni wale wale watano. Hoja nzito kuliko zote niliisoma mwishoni, katika karatasi ya mtihani ya binti ambaye sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nimeongeza ukuzaji, basi. Ofisi zetu nazo zinapokusanya maoni ya wananchi huongeza vipaza sauti na viti, kisha hualika makundi yaliyokwisha kujulikana. Maoni hayo hutoka safi kabisa, kama mlio wa superheterodaini. Lakini kufungua mlango bila utaratibu nako si tiba, kwani mwenye nguvu atafunika kila mtu.

Muhula huu, kabla ya mjadala, kila mwanafunzi huandika hoja yake kwenye karatasi, nami huzisoma zote ndipo nimpe yeyote nafasi ya kuzungumza. Ni kazi ndefu, na mara mbili imenilazimu kufuta somo nililokuwa nimeandaa.