Kungoja Jibu la Chuo

Sisi wazazi wa mkimbiaji twajua sasa kwamba neno la mwalimu wa mbio si neno la chuo. Kijana wetu aliitwa na mwalimu wa chuo kimoja cha Marekani, miongoni mwa vile vinane vya Ivy League. Tulishangilia, majirani wakaja hata na maziwa. Lakini mwalimu hupendekeza majina tu. Ofisi ya kupokea wanafunzi ndiyo ikubaliyo au ikataayo, nayo hutazama sana alama za darasani.

Vyuo hivyo havimlipi mtu kwa ajili ya mbio. Humsaidia kwa kadiri ya uhitaji wa nyumba yake. Tangu tarehe 1 Oktoba huweza kumpelekea mwanariadha barua ya kumdokezea kwamba yaelekea atapokewa. Asiyeipata huenda akangoja hata mwisho wa Machi. Kwetu haijafika.

Na chuo kingine, kilichoahidi kumlipia karo na chakula kwa sababu ya miguu yake, chataka jibu juma hili. Njia hiyo si ngeni: Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Washington State.

Mmoja wetu asema akubali. Mwenziwe asema angoje. Kijana hasemi neno. Huamka saa kumi na moja akakimbia, na arudipo hutazama simu kabla ya kunywa chai.