Spika Nyepesi, Spika Nzito

Rediogramu ya baba ilitoa sauti kwa valvu moja ya EL84, wati tano hivi, na ilitosha sebule nzima na jirani akafaidi. Hakuna aliyeuliza inafaa spika gani. Kiwandani walikwisha kuvioanisha: koni pana ya karatasi, nyepesi kusukumwa, ndani ya kabati la mbao lililo wazi nyuma. Fundi wa Mwembe Tayari aliyekuwa akiitazama alikuwa na katazo moja tu, kwamba isiwashwe spika ikiwa imechomolewa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, umeme hupanda humo ndani hadi ukaiunguza.

Mimi nikakulia kwenye transista. Waliorudi Mombasa kutoka Uarabuni walikuja na amplifaya za wati hamsini, mia, na spika za kukaa rafuni zenye besi iliyotushangaza. Asili ya maajabu hayo ilikuwa Marekani, mwaka 1954, Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1: sanduku limezibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoirudisha koni mahali pake. Besi nzito ikatoka kwenye sanduku dogo. Gharama yake ni kwamba spika ya namna hiyo hula wati nyingi, lakini wati zilikuwa zimeshuka bei, nani azihesabu? Kabati la rediogramu likageuzwa la kuwekea sahani na vikombe.

Miaka mingi baadaye valvu zikarudi kuwa jambo la kuzungumzwa, safari hii na watu wenye pesa. Fundi mmoja akanijengea amplifaya ya EL84 mbili kila upande, wati kumi. Nikaifunga kwenye spika zangu kubwa za koni tatu. Fidla ilikuja na utamu niliokuwa nimeusahau, ila besi ilivimba, ikakokota nyuma ya wimbo, na nikiongeza sauti kidogo tu inapasuka.

"Spika zako nzito, mzee," akasema fundi, kisha akanipigia hesabu. Spika inayotoa desibeli 84 kwa wati moja, ukiisikiliza kutoka mita moja, na nyingine inayotoa 96, zinapishana desibeli 12. Kila desibeli tatu hudai nguvu maradufu, kwa hiyo ile ya kwanza inahitaji wati mara kumi na sita ili zilingane. Ndiyo maana wapenzi wa valvu ya 300B, ambayo ikiwa peke yake hutoa wati nane hivi, hufukuzia spika za pembe kama Klipschorn, inayopita desibeli 100 na kudai kona nzima ya chumba. Mimi sebule yangu ina kona mbili tu zisizo na mlango.

Hesabu ile niliiamini mpaka nilipoazimwa jozi ya LS3/5A, vijisanduku ambavyo wahandisi wa BBC walivibuni miaka ya 1970 kwa kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Desibeli hazifiki 84. Kwa kanuni ya fundi zilipaswa kunishinda, nazo ziliimba. Nilikaa karibu, chumba ni kidogo, kweli. Lakini sababu kubwa ilikuwa omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. LS3/5A za mwanzo ni za omu 15 na hazishuki chini sana popote. Spika zangu kubwa zimeandikwa 8, ila kwenye besi huporomoka hadi karibu 3, kisha hupanda ghafla. Amplifaya ya transista haijali milima hiyo. Ya valvu huifuata: omu zikipanda sauti inavimba, zikishuka inafifia. Ule uvimbe niliousikia haukutokana na uchache wa wati.

Tangu hapo nikitaka spika naomba kwanza mchoro wa omu, desibeli baadaye, na muuzaji asiye nao namuaga. Zile kubwa sikuziuza. Nimezihamishia kwenye skurubu zilizoandikwa 4 nyuma ya amplifaya, badala ya 8. Sauti ya juu kabisa imepungua, besi imekaza. Fundi haafiki, anasema nimetupa nusu ya nguvu alizonijengea, na kila akija huzirudisha kwenye 8.