Kilomita 50 za Babu

Kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni kama kilomita 50. Mwenye nauli hana sababu ya kuzitembea, na hivyo ndivyo ninavyoambiwa na kila ninayemgusia mpango wangu wa kwenda huko kwa miguu. Mama alisema wazi zaidi: “Ukionekana njiani na begi mgongoni, watu watasema umeachika.” Nami sijaolewa hata mara moja.

Nilipanga siku tatu, mwezi Julai, nikishakabidhi sura ya pili ya tasnifu. Nianzie kwenye boma la Wajerumani mjini Tanga, nipite Machui alikozikwa Shaaban Robert, nifike Tongoni jua halijazama. Kesho yake Kigombe. Siku ya tatu Pangani, nikae ukingoni mwa mto niangalie kivuko kikienda Bweni.

Tasnifu yangu inahusu jinsi Tanga ilivyoipokonya Pangani nafasi yake. Katika karne ya 19 Pangani ndiyo iliyokuwa mji. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilishukia pale. Mapambano dhidi ya Wajerumani yaliwaka pale mwaka 1888, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim akanyongwa palepale. Kisha mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli, wakaianzia Tanga. Mwaka 1911 ilifika Moshi. Bidhaa za bara zikapata njia nyingine, na watu wakazifuata.

Babu yangu ni mmoja wa watu hao, ingawa alichelewa. Alitoka Pangani mwaka 1957 akiwa na miaka kumi na saba, kutafuta kazi bandarini Tanga. Viatu alivining'iniza shingoni visije vikachakaa kabla msimamizi hajaviona.

Sasa amelala Ngamiani. Tangu apate kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia haunyanyuki na majina ya wanawe anayachanganya. Njia hajaichanganya. Nilimwonyesha ramani kwenye simu, akaisukuma pembeni.

“Mke wangu, unakwenda mwezi gani?”

“Julai, Babu.”

“Kusi tupu. Siku tatu upepo unakupiga usoni. Mimi nilikuja nao mgongoni.”

Nilitaka kufuata ufukwe, kwa kuwa kwenye picha unapendeza. Alikataa. Kuna mikoko, kuna vijito vinavyoingia ndani, na maji ya bamvua yatanikuta nimesimama kwenye tope. Akaniuliza mwezi utakuwa wa ngapi siku hizo. Sikujua. Nimesoma miaka mitano chuo kikuu na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Tongoni mimi naijua kwa vitabu: gofu la msikiti, makaburi ya nguzo ambazo nyingi zimeanguka, na Vasco da Gama aliyeichoma meli yake São Rafael karibu na hapo mwaka 1499. Babu anaijua kwa sababu alipewa uji na mama mmoja, akajilaza barazani kwake hadi alfajiri. Anataka nikaulize kama nyumba ile bado ipo.

Nimeandika daftarini vituo kumi na kimoja alivyonitajia: mwembe, kisima, kona yenye mnazi uliolala. Kwenye ramani nimevipata vinne. Barabara nayo inawekwa lami, na katapila halibagui mwembe wa mtu. Nikirudi atauliza kimoja baada ya kingine, na kwa baadhi nitalazimika kumwambia hakipo. Nimefikiria kumdanganya. Lakini mzee huyu alikuwa karani wa mizigo. Ukimtajia mti atataka kujua kivuli chake kinaangukia upande gani.

Mama hatimaye amekubali, kwa sharti kwamba mdogo wangu wa kiume anifuate na baiskeli. Mdogo wangu anadai alipwe.

Wiki hii Babu ameniuliza mara tatu kama nimeshakwenda. Mara ya tatu aliniita kwa jina la dada yake, ambaye alibaki Pangani na akafia huko. Jioni ile nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya pili itachelewa. Tutaondoka wiki ya kwanza ya Juni, baada ya sala ya alfajiri. Masika ikiwa haijaisha, tutalowa.