Tulivyoipeleka Amplifaya Kariakoo

Nyumbani kwetu Kimara amplifaya imekaa juu ya kabati la vyombo kwa miaka 11. Ndiyo inayotupigia nyimbo za kwaya Jumapili asubuhi watoto wakitafuta viatu, na ndiyo iliyotumika siku ya kipaimara cha binti yetu. Jioni moja ilianza kunguruma kama nyuki ndani ya mtungi, kisha spika ya kushoto ikanyamaza. Baada ya siku mbili ikawa inawasha taa tu, sauti hakuna.

Lawama haikukosa mwenyewe. Kijana wetu wa kidato cha tatu ndiye anayependa muziki wa kutikisa madirisha. Tulimkaripia, tukamkataza kuigusa, na baba yake akamwambia kwamba matengenezo yatalipwa kwa fedha aliyopata likizo akimsaidia mjomba wake dukani. Kijana alisema mara moja tu, "Mama, si mimi," akaenda kulala bila kula.

Jumamosi tuliifunga kwenye khanga kuukuu tukaondoka watatu: baba watoto, kijana, na mwandishi wa makala haya. Tulipanda basi la mwendokasi Kimara, tukateremka kituo cha Msimbazi, na hapo hapo tukamezwa na watu.

Akina mama wengi tunakwenda Kariakoo kwa vitenge, vyombo na sare za shule, tukitoka tunashukuru kwamba pochi bado ipo. Ni mara chache tunakumbuka jina lenyewe lilikotoka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi watu wakapaita Kariakoo. Hata lile jengo la soko lenye paa kama miavuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Tulimweleza kijana hayo tukiwa njiani. Hakujibu kitu. Alikuwa amebeba mzigo kifuani na bado amenuna.

Fundi wa kwanza alikuwa na duka la vioo barabarani. Aliitazama amplifaya bila kuifungua akasema, "Bodi imeungua hii, mama. Laki moja na ishirini." Kwa sisi tuliozoea wodi, mtu anayetoa jibu kabla ya kumgusa mgonjwa hutupa wasiwasi. Tuliaga kwa adabu. Mama mmoja muuza chai akatuelekeza uchochoro usio mbali na Mtaa wa Uhuru, kwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Mgonjwa anaumwa nini?"

Kabla ya kushika bisibisi alituuliza: Ilianza lini? Ilinguruma kwanza au ilinyamaza kwanza? Umeme ulikuwa umekatika siku hiyo? Mnafunga spika ngapi? Tulimgeukia kijana. "Mbili tu, babu," alisema, "zile zile zilizokuja nayo." Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Alipofungua kifuniko hakugusa kitu ndani. Kwanza alichukua balbu yenye nyaya mbili akazigusisha kwenye miguu ya kapasita mbili kubwa, zile zinazofanana na makopo madogo. Balbu ikawaka kidogo, ikazimika. Alitueleza kwamba umeme unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Tuliwafikiria watoto wote wanaochokonoa redio mbovu kwa visu vya jikoni, tukasisimka mwili.

Ndani kulikuwa na vumbi, mayai ya mende, na sehemu ya bodi iliyokuwa imegeuka rangi ya kahawa. Makopo mengine yalikuwa yamevimba vichwa. Mzee alipapasa kwa kibano kwenye matundu ya juu ya kifuniko, yale ya kutolea joto, akavuta uzi mwembamba wa rangi ya waridi.

"Hii mnaifunika?"

Hatukujibu upesi. Nani asiyejua vitambaa vya kufuma? Tumevifuma usiku wa zamu, wodi ikiwa imetulia, vya viti, vya meza, vya redio. Cha amplifaya kilikuwa na maua ya waridi, na juu yake tuliweka chombo cha maua ya plastiki. Mzee alisema bila ukali kwamba chombo hiki hupumua kupitia matundu yale. Joto likikosa pa kutokea, maji maji yaliyo ndani ya kapasita hukauka. Huhesabiwa kwamba kila joto linapozidi nyuzi 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Mwisho transista za kusukuma sauti nazo huungua. Kijana alikuwa akitazama barabarani.

Tulimtuma yeye mwenyewe kununua transista. Aliporudi, mzee alizipima mkononi, akatazama maandishi yake yanayong'aa, akaivunja moja kwa koleo. Ndani kipande chenyewe kilikuwa kama punje ya ufuta. Akapasua ile iliyoungua, ya asili: chake kilikuwa kikubwa mara kadhaa. "Za bandia zimejaa," alisema, akampeleka kijana kwenye duka analoliamini. Alibadilisha mbili kwa pamoja. Zinafanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na ikifa moja ile iliyobaki nayo huwa imeumia. "Kama mume na mke," alisema, na baba watoto akacheka kuliko wote.

Baada ya kuchomelea na kubadilisha makopo yaliyovimba, aliiwasha kupitia balbu ya zamani ya wati 100. Ingewaka kwa nguvu, tungejua bado kuna hitilafu. Iliwaka mara moja ikafifia. Ndipo akafunga spika, na uchochoro mzima ukasikia kwaya.

Tulilipa shilingi 55,000, vifaa na kazi.

Kituoni, tukingoja basi, baba yake alimwambia, "Mwanangu, tulikuonea." Na mwenye kitambaa naye akasema, "Nisamehe, mwanangu." Kijana aliuliza kama fedha yake ya likizo bado ni yake. Tukamwambia ni yake yote. Akauliza tena kama anaweza kununua chipsi. Tukanunua sisi.

Nyumbani aliipanga mwenyewe juu ya kabati, akaacha nafasi ya kiganja kila upande, na hakuna anayeweka kitu juu yake. Kitambaa sasa kinafunika mtungi wa maji. Kina tundu dogo pale uzi uliponyofoka, na bado hatujapata muda wa kuliziba.