Msafara wa Karatasi

Watu wengi hudhani kwamba kubuni ulimwengu wa mchezo ni kazi ya starehe, kwa kuwa mbunifu hana wa kumbishia. Akitaka mto, anachora mto; akitaka mfalme, anamsimika. Mjukuu wangu aliyeko Dar es Salaam hucheza na wenzake michezo ya namna hiyo, ile iliyoenea baada ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons kutolewa Marekani mwaka 1974. Mmoja hubuni nchi nzima na kuiendesha, wengine hujifanya watu wa nchi hiyo, na dadu huamua nani apone na nani afe. Alinilalamikia kwamba alimaliza likizo nzima akiandika historia ya falme tano, kisha wenzake wakashinda jioni yote wakibishana bei na muuza samaki ambaye hata jina hakuwa amempa. Nilicheka sana, maana ugonjwa huo naujua.

Katika miaka ya themanini nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, kabla sijawa mwalimu mkuu. Tulihimizwa kufundisha kwa igizo dhima. Nami nikajiuliza, kwa nini tuigize mambo ya mbali ilhali sisi wa Tabora tumekalia njia yenyewe? Kutoka hapa Kitete, mwenye baiskeli nzima hachelewi kufika Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Basi nikaamua kubuni msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wenye nguvu waendelee mpaka Ujiji. Nikaunganisha karatasi sita za manila, nikachora vituo, nikapiga kadi kwa stensili, na dadu nikachonga mwenyewe kwa mti wa mninga.

Kilichonisumbua kwanza ni vipimo. Shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Mzigo wa mpagazi nilioutumia ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kuna merikani, kuna kaniki, na kuna shanga, ambazo rangi inayopendwa hapa hukataliwa mwendo wa siku kumi mbele. Nilikaa wiki tatu nikipiga hesabu za watu mia moja wale nini kwa siku na wakilipie kwa kitu gani, na hadithi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Halafu kuna suala la muda. Burton na Speke waliingia hapa, penyewe pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857 baada ya siku 134 njiani. Nyingi kati ya siku hizo hazikuwa za kutembea. Zilikuwa za kungoja wapagazi, kungoja homa ishuke, kungoja watemi wa Ugogo waridhike na hongo. Ndugu msomaji, hebu yaingize hayo katika kipindi cha dakika 80! Nilipofupisha safari, wanachuo walifika Tabora kengele haijalia, wanacheka, hakuna hata aliyeona kiu. Niliporudisha kiu na njaa, msafara ulikwama Mgunda Mkali vipindi viwili na darasa zima likanuna. Njia ya katikati sikuipata, na sidhani kama ipo. Kila darasa lilihitaji kiasi chake cha njaa.

Kugawa watu ndiko kulikonikera zaidi. Kila mvulana alitaka kuwa Mirambo. Mwaka mmoja nilikuwa na Mirambo sita katika chumba kimoja. Wengine walitaka kuwa matajiri wa Kiarabu wenye pembe za ndovu, na mmoja aling'ang'ania kuwa Stanley kwa sababu alikuwa na kofia. Mpagazi hakuna. Jambo hili liliniuma, kwa kuwa nusu ya darasa walikuwa Wanyamwezi, na njia ile ilipita juu ya mabega ya Wanyamwezi: wengi wao watu huru, waliopatana ujira, wakidhulumiwa hutua mzigo na kuondoka, na mvua za kilimo zikikaribia huitaka njia ya nyumbani. Nikatunga kadi ya kutua mzigo. Wapagazi wawili wakikubaliana kuitupa mezani, msafara mzima unasimama, tajiri apende asipende. Kuanzia siku hiyo ugomvi ukawa wa kugombea upagazi.

Hata hivyo, mchezaji haendi kule ulikomwandalia. Nilikuwa nimeichora njia ya magharibi kwa uangalifu mkubwa, na kadi ya Mirambo kuifunga mwaka 1871 nilikuwa nimeificha nikitarajia wapigane au walipe. Kundi moja likafika, likasoma kadi, likanyamaza. Kisha kiongozi wao akauliza, "Mwalimu, kusini kuna nini?" Kusini karatasi ilikuwa imekwisha, kuna meza tu. Na sikuweza kuwakatalia, kwani Stanley mwenyewe mwaka ule ule alizungukia kusini ndipo akafika Ujiji. Nikaomba ruhusa, nikaenda ofisini kutafuta manila ya saba.

Hayo yote ni maudhi ya kawaida. Lililobaki si la manila. Katika njia ile walipita pia watu waliofungwa minyororo, na mchezo unaotaka kila mtu awe fulani lazima useme nani atakuwa hao. Sheria ilikomesha utumwa Tanganyika mwaka 1922, si zamani kiasi hicho. Katika darasa moja niliweza kuwa na kijana ambaye babu yake alibeba pembe, mwingine ambaye babu yake alizinunua, na binti ambaye mama wa bibi yake aliletwa kutoka Manyema. Nitampangia nani kufungwa? Niliamua kwamba hakuna mwanachuo atakayepewa nafasi hiyo, na mpaka leo sijabadili uamuzi huo. Lakini kuwaondoa kabisa kungekuwa uongo, tena uongo wa mwalimu. Nikawaweka katika kadi za tajiri, pamoja na mali nyingine: pembe kadhaa, majora kadhaa, watu kadhaa.

Mwanachuo mmoja wa kike aliinua kadi ile. "Samahani, Mwalimu. Mtemi ana jina, kirangozi ana jina, hata punda umempa jina. Hawa mbona ni namba?"

Nikamwambia kwamba ndivyo vitabu vya wafanyabiashara vilivyowaandika. Akasema basi awape majina yeye. Mwenzake akapinga, akidai kwamba kumbunia marehemu jina ni kumnyang'anya mara ya pili lile alilokuwa nalo. Mwingine akasema afadhali jina la kubuni kuliko kuhesabiwa kama majora. Wakabishana hadi kengele, wakaendelea hadi bwalo la chakula, na dadu yangu ya mninga haikuguswa.

Kadi niliziacha zilivyokuwa. Ila tangu mwaka huo nilizigawa hizo kwanza, kabla ya kutandika ramani, nikaketi pembeni kusikiliza. Madarasa mawili hayakufika hata Mpwapwa.