Picha Ipi Iliyo Safi Zaidi?

Wasomaji wapenzi, msinicheke. Mimi ni mzee wa Maramba, mkulima wa mahindi na machungwa, na leo nataka kusema habari za gemu za televisheni. Si kwamba nazicheza. Vidole vyangu vimezoea mpini wa jembe, na ile pedi ya vitufe naishika kama mtu aliyepewa kaa la moto. Lakini nyumbani mwangu wamo wajukuu wawili, na mfukoni mwangu zilikuwamo fedha za magunia matatu ya mahindi, basi ilinibidi nijue.

Mambo yalikuwa hivi. Yule mdogo, aliyekuwa darasa la sita, alishinda katika kibanda cha gemu karibu na stendi hata usiku ukaingia. Mama yake akanisihi, "Baba, afadhali tumnunulie mashine yake acheze hapa tukimwona." Nikakubali. Hiyo mashine ya kibandani huitwa PlayStation 2. Ilitoka Japani mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na mwanzoni mwa mwaka 2013 kampuni ya Sony ikatangaza kwamba imeacha kuziunda. Vibandani zimeendelea kufanya kazi, kama baiskeli za zamani.

Desemba ya mwaka 2023 mkubwa akarudi likizo kutoka Tanga na kompyuta yake ya mezani, ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Aliposikia habari ya ahadi yangu akasema, "Babu, usitupe fedha. Picha za kompyuta ni safi karibu mara saba." Mdogo akasema ni uongo, picha ni zile zile. Wakabishana siku mbili, hata chakula hakikuliwa kwa amani.

Nikamwambia mkubwa anieleze hizo mara saba zatoka wapi. Akaeleza vizuri, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa. Picha ya gemu hufumwa kwa nukta. Mkeka wa ukindu mwembamba huonyesha ua na pembe zake zote, lakini jamvi la miyaa mipana haliwezi, hata fundi awe hodari namna gani. Gemu nyingi za PlayStation 2 hufuma picha kwa nukta kama laki tatu tu. Kompyuta ile yake ilifuma nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda chini, na ukizidisha wapata zaidi ya milioni mbili.

Lakini akakiri jambo jingine, na hapo nilimpenda. Kompyuta yenyewe aliinunua mtumba, na mwanzoni gemu zilikwenda kwa kushtukashtuka kama gari lenye maji katika petroli, mpaka alipoongeza kadi ya picha, nayo haikuwa ya bei ndogo. Mashine ya kibandani haina taabu hiyo. Zote zimeundwa sawasawa, na watengeneza gemu wanajua nguvu yake, basi wamekwisha kupima mzigo wa kuitwisha. Mwenye kompyuta hujipimia mwenyewe: apunguze vivuli, apunguze majani, au anunue kifaa kingine.

Nalikwenda pia kwa mwenye kibanda. Akaniambia ajabu moja. Zamani alikuwa na televisheni ya kichogo, na wateja walifurahi. Akanunua flati kubwa, wakaanza kunung'unika kwamba picha zimeharibika! Kumbe televisheni ya kichogo huchanganya nukta kidogo pembeni, macho yasione mafundo. Flati huzitanua nukta zile chache zienee kioo kizima, na ukungu wote huonekana. Tena ule waya wa njano huleta rangi zote za picha zimesongamana pamoja. Basi mashine ni ile ile, lakini televisheni mpya ikaivua nguo.

Ili kukata maneno, nikamkodi mwenye kibanda jioni moja, alete flati yake na mashine yake nyumbani. Mkubwa akaunganisha na kompyuta. Gemu ikawa moja, ile ya mpira iitwayo Pro Evolution Soccer 2013, maana ilitolewa kwa mashine zote mbili. Tukakaa kwenye viti na mkekani upande wa mlangoni, majirani nao wakaja.

Kwanza mashine, kisha kompyuta. Wasomaji, hata mimi mwenye miaka sabini niliona. Kwa kompyuta jina la mchezaji lilisomeka mgongoni, na wavu wa goli ulikuwa na matundu. Kwa mashine ile wavu ulikuwa kama moshi. Majirani wote wakapiga makofi. Mdogo peke yake akasema, "Mimi sioni tofauti."

Nikamkemea kwa ukaidi mbele ya watu. Nikamwambia, "Soma basi magoli yale juu pembeni." Akanyamaza. Nikadhani amenuna. Akainuka polepole, akaenda mpaka kioo kikawa shubiri moja na pua yake, akakaa pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nyavu zina matundu."

Nyumba ikawa kimya. Mama yake alinitazama, nami nikatazama chini. Mwalimu alikuwa amekwisha kutuandikia kwamba mtoto hanakili kazi za ubaoni, na mimi, babu yake, nalimchapa kwa uvivu. Mara mbili. Nikakumbuka pia kwamba kibandani hakukaa benchi hata siku moja. Alikaa chini, mbele kabisa, na wenzake wakimwambia awapishe.

Wiki ile ile tulipanda basi kwenda Tanga kwa mpima macho. Akasema mtoto huona vizuri yaliyo karibu, ya mbali yote kwake ni ukungu, na huenda imekuwa hivyo miaka kadhaa. Fedha za mahindi zikatoka kwa miwani, nauli na soda mbili. Kuhusu zile fimbo, nilimwomba radhi njiani, na yeye akasema, "Haya, babu," akaendelea kutazama dirishani. Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono akanionyesha milima ya Usambara. Alikuwa hajui kwamba kutoka barabarani mtu huweza kuona mti mmoja mmoja.

Ugomvi wa wale wawili umekwisha, lakini mimi sijapona. Mdogo amekwenda kibandani na miwani yake, akakaa benchi, akarudi amekunja uso. Asema picha za mashine ile hazitazamiki, na sasa ataka kompyuta yenye kadi ya picha. Nimemwambia asubiri mavuno.